Hamu ya Kwao: Somo kwa Wenye Ndugu Ng'ambo



Ziko nyumba katika mtaa wetu zenye kijana aliyekwenda kusoma ng'ambo, akashinda mitihani, kisha akabaki huko kufundisha chuo kikuu. Wazazi humshukuru Mungu, na wana haki. Lakini ni wachache wanaouliza: je, huyo mwalimu anakaaje huko? Somo letu la leo ni juu ya hamu ya kwao, yaani ule uzito wa moyo unaompata mtu aishiye mbali na watu wake.

Kwanza tuelewe kwamba hamu hii si woga, wala utoto, wala kukosa shukrani. Huwapata hata wazee wenye shahada nyingi. Huletwa na mambo madogo madogo: njiani hakuna amwamkiaye, utani wake haueleweki, wakati wa baridi saa kumi jioni giza limekwisha kuingia, habari za msiba humfikia watu wamekwisha kuzika. Tena kazi ya chuo kikuu mara nyingi ni ya mkataba wa miaka miwili au mitatu. Kabla hajawazoea majirani wa mji mmoja, anafunga tena vitabu vyake kwenda nchi nyingine.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huisoma methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ina maana nyingine: mtu aliyepewa jembe si mgeni tena. Tuipime kwa mifano miwili.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alitoka Bagamoyo mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili. Sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa mwaka 1903, ni kazi yake. Alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 wakafunga safari kuja kwao. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani ikawakatalia kushuka pwani. Akarudi Ujerumani, akaendelea kufundisha lugha yake, akafariki Berlin mwaka 1927. Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba asiyerudi amewasahau watu wake. Wengine walikuja hadi mlangoni, wakaukuta umefungwa.

Mfano wa pili ni Kasisi John Mbiti wa Kanisa la Anglikana, aliyezaliwa Kitui, Kenya, mwaka 1931. Alipata udaktari wake Cambridge mwaka 1963, akafundisha Makerere, Uganda, hadi mwaka 1974. Katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Waafrika, cha mwaka 1969, aliandika kwa Kiingereza. Lakini alipotaka kueleza wakati, alichukua maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Kutoka Makerere alikwenda Uswisi kuongoza Taasisi ya Bossey. Baadaye akawa mchungaji wa kanisa mjini Burgdorf kwa miaka 15, huku akifundisha Chuo Kikuu cha Bern. Waswisi wale walimpa jembe, akalima. Hata hivyo hakuliacha shamba la nyumbani: alitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kiyunani, likatolewa mwaka 2014, umri wake umepita miaka 80. Alifariki Burgdorf mwaka 2019.

Katika maisha haya tunaona dawa moja. Hamu ya kwao haiondoki kwa kuhesabu siku. Hupungua mtu anapokuwa na kazi huko aliko na kazi huku alikotoka. Nabii Yeremia naye (sura ya 29) aliwaandikia waliokuwa uhamishoni wasikae kama wapita njia, bali wautakie heri mji ule.

Jembe la kule atapewa na wenyeji wake. La huku ni wajibu wetu. Simu inayoanza na ada ya shule na kuishia na mabati humwambia kwamba kwao anahitajika mfuko wake tu. Msaada ni jambo jema, lakini usiwe salamu nzima. Mwombeni shauri juu ya mtoto anayechagua masomo. Mpelekeeni habari zisizo na bei: mvua imenyesha, mwembe umezaa, bibi ameulizia habari zake. Ongeeni na watoto wake kwa lugha ya nyumbani, bila kuwacheka wakikosea. Akija likizoni, msimweke siku zote katika kiti cha mgeni, akila peke yake sebuleni. Mpeni ndoo akateke maji, mpeni nafasi katika kikao cha ukoo. Asiyepewa kazi kwao, safari zake za kuja hupungua, na siku moja hukoma.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Mara ya mwisho ulipoongea na ndugu yako aliye ng'ambo, ulimwuliza nini kwanza?

2. Ni kazi gani ya ukoo au ya mtaa wetu anayoweza kuifanya akiwa huko huko?

3. Wako walimu na wauguzi waliohamishiwa kwetu kutoka mbali. Je, sisi tumewapa jembe, au bado ni wageni wa siku mbili?