Makaa ya Kopo na Gesi ya Mtungi

Husemwa mara nyingi kwamba kutunza misitu ni jambo jema, lakini ni jambo la wenye fedha. Mama apikaye kwa makaa huambiwa ahamie gesi, naye hujibu, “Fedha ya mtungi nitaipata wapi?” Jibu hilo si la mvivu wala la mjinga, na wamwonyao wasilipuuze.

Yafaa kwanza tutazame bei yenyewe. Makaa hununuliwa kwa kopo, leo moja na kesho moja, kadiri ya fedha iliyopatikana siku hiyo. Gesi kwa kawaida haiuzwi hivyo. Hata mtungi mdogo wa kilo 6 wataka fedha yote kwa mara moja. Basi kimshindacho maskini mara nyingi si ughali wa gesi, bali ni kulipa kwa mkupuo. Tena anunuaye kwa kopo hulipa zaidi kuliko anunuaye gunia zima: ndivyo ulivyo umaskini, humtoza mtu zaidi kwa sababu hana. Kila nyumba na ijumlishe makopo ya mwezi mzima kabla ya kutoa hukumu.

Lakini iko gharama nyingine isiyosemwa sokoni. Tanuri la udongo la kienyeji huweza kula kilo 5 hata 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya makaa. Mpikaji wa mjini hailipi hasara hiyo. Huilipa mkulima, ambaye udongo wa shamba lake huchukuliwa na mvua mlima ukiisha kuwa mtupu. Jikoni nako kuna deni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Na mtu asidanganyike kwa kuwa makaa hayatoi moshi mwingi kama kuni, maana hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua watu waliolala na jiko chumbani.

Je, yafaa kulipa? Twasema yafaa, ila si haki mzigo huo aachiwe mama peke yake. Baba anayeona mtungi kuwa ni “mambo ya jikoni” naye hula chakula kilichopikwa humo. Akina mama wa jumuiya moja wachezao upatu waweza kununua mtungi mmoja kila mwezi kwa zamu, mpaka kila nyumba imepata. Mahali ambapo gesi haijafika, jiko banifu lenye udongo ndani litapunguza makaa yatumikayo. Nayo maharage, adui mkubwa wa kila mtungi, yalowekwe tangu usiku. Yataiva upesi zaidi.