Utanzu na Hukumu ya Msomaji: Kitabu cha Stanley Kuhusu Ujiji

Kitabu cha Henry Morton Stanley kuhusu kukutana kwake na Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871 kilitolewa mwaka 1872, kikanunuliwa kwa wingi. Hata hivyo, Florence Nightingale alikiona kibaya kupindukia, ingawa mada yake aliisifu mno. Kiini cha tatizo ni utanzu: Stanley, mwanahabari wa New York Herald, aliandika kigazeti, ilhali wataalamu walitarajia jiografia. Nayo jiografia imo, tena nzito. Wawili hao walikwenda kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, wakathibitisha kuwa mto Ruzizi huingia ziwani, hautoki. Hivyo haupeleki maji Nile. Msomaji aliyechukizwa mapema na majigambo (nayo ni mengi) huenda hakufika huko.