Dondoo muhimu: Kubashiri diski itakayokufa katika mifumo ya wingu

Katika mifumo ya kompyuta ya wingu, diski ni mahali pazuri pa kuanzia ujifunzaji wa mashine, kwa kuwa kila diski hujipima yenyewe na kutunza kumbukumbu iitwayo SMART. Kampuni ya Backblaze ya Marekani hutoa hadharani kumbukumbu hizo za kila siku, kuanzia zile za mwaka 2013. Zinatosha kabisa kufundishia modeli ya kwanza.

Vipimo vya kutazamwa mapema ni namba 5 (sekta zilizohamishwa), 187 (makosa yasiyorekebishika) na 197 (sekta zinazosubiri kuhamishwa). Mara nyingi ongezeko la ghafla husema mengi kuliko idadi yenyewe, tena watengenezaji hawahesabu kwa namna moja.

Usahihi wa jumla hudanganya. Ikiwa diski 1 kati ya 100 hufa kwa mwaka, modeli inayosema "zote nzima" itapata asilimia 99, na haimsaidii mtu. Kinachofaa kuhesabiwa ni diski ngapi kati ya zilizokufa zilitajwa mapema, muda wa kuhamisha data ukiwa bado upo, na tahadhari ngapi zilikuwa za uongo.

Data za mafunzo zitangulie za majaribio kwa tarehe. Zikichanganywa kiholela, modeli huchungulia majibu.

Nakala rudufu zisipunguzwe: utafiti wa Google wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne kuu za SMART.