Gotu na Utata wa Mipaka ya Maeneo ya Utamaduni

Utangulizi

Ramani za lugha za Kenya aghalabu hulipaka kila eneo rangi moja na kulitenga na jirani yake kwa mstari. Ramani hizo ni rahisi kufundishia, lakini zina hatari: msomaji huweza kudhani kuwa palipo na rangi ya lugha fulani, ndipo wasemaji wake pekee wana haki ya malisho na maji. Makala hii inaichunguza dhana ya eneo la utamaduni kwa kutumia mfano wa Gotu, katika kaunti ya Isiolo.

Aina za Maeneo ya Utamaduni

Wanajiografia hutofautisha aina tatu. Ya kwanza ni eneo rasmi, ambalo wakazi wake hushiriki sifa fulani kama vile lugha au dini. Ya pili ni eneo tendaji, linalounganishwa na shughuli zinazozunguka kitovu kimoja, mathalani soko au kisima. Ya tatu ni eneo la mtazamo, ambalo limo katika fikra za watu na hudhihirika katika majina. Mnamo 1965, D. W. Meinig, akiwachunguza Wamormoni wa Marekani, alionyesha kuwa utamaduni huwa na kiini, na nguvu zake hupungua kadiri unavyokwenda mbali nacho. Kwa hiyo mpaka si ukuta, bali ni mahali pa kufifia na kuchanganyika.

Gotu kwa Vigezo Vitatu

Gotu ipo kando ya mto Ewaso Nyiro, kwenye njia ya kutoka mjini Isiolo kwenda Merti. Kwa kigezo cha lugha, Waborana wa huko ni Wakushi wa kundi la Waoromo, na wanafungamana na ndugu zao wa kusini mwa Ethiopia. Kwa kigezo cha dini, hata hivyo, wengi wao ni Waislamu, ilhali mfumo wa gada umebaki na nguvu zaidi Ethiopia. Sifa mbili za jamii moja zinazaa ramani mbili.

Eneo tendaji lina sura nyingine. Waborana husimamia malisho kwa mfumo wa dedha, ambamo wazee huamua ni wapi pa kulisha wakati wa mvua, wakati wa kiangazi na wakati wa ukame mkali. Eneo hili hupanuka na kusinyaa kulingana na majira, na mstari mmoja hauwezi kulionyesha.

Majina nayo yana ushahidi wake. Waborana wa Isiolo hujiita Waborana wa Waso, yaani wa mto huo. Neno lenyewe, hata hivyo, linatokana na Kimaa, lugha ya Kiniloti wanayozungumza Wasamburu na Wamaasai. Vilevile, hifadhi ya jamii ya Nakuprat-Gotu inawahusisha Waturkana pamoja na Waborana, na jina lake linaunganisha mahali pawili.

Mstari Unapotangulia Maisha

Historia inaonyesha gharama ya kuyafungia maisha haya ndani ya mipaka. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, serikali iliwakusanya wafugaji wa Isiolo katika vituo kama Garba Tulla na Merti. Kuhama kulizuiwa, na mifugo mingi ikaangamia. Waborana hukiita kipindi hicho gaafa daaba, wakati wa kusimamishwa. Eneo rasmi lilibaki kwenye ramani, lakini eneo tendaji lilivunjwa.

Hitimisho

Imedhihirika kuwa Gotu imo katika maeneo kadhaa ya utamaduni kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wa Kiswahili anayechora ramani ya lugha hana budi kutaja kigezo alichotumia na majira aliyokusanya data, na kuonyesha sehemu za mchanganyiko. Pale ambapo wafugaji hugombania maji na nyasi, rangi ya ramani huweza kusomwa kama hati ya kumiliki ardhi. Ramani ya lugha iseme ni nani huzungumza nini. Isiachiwe kuamua ni nani anyweshe ng'ombe wake mtoni.