Bambo Lilidungwa Wapi?

Mnunuzi wa mahindi akifika mnadani Mkula, mkoani Simiyu, hamwagi gunia zima chini. Hulidunga kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, akachota punje chache na kuzitazama kiganjani. Kwa punje hizo anapanga bei ya gunia lote. Akidunga juu tu, ambako muuzaji ameweka punje nzuri, ataondoka na jibu zuri na gunia bovu. Bambo halikumdanganya, limemletea kilichokuwepo pale lilipodungwa.

Akili unde hujifunza kwa namna hiyohiyo, na humo ndimo unamozaliwa upendeleo wake. Tuanzie mwanzo.

Mashine haina macho. Picha ya jani, kwake, ni safu za vitone, na kila kitone kina namba tatu, za wekundu, ukijani na ubuluu, kila moja kati ya 0 na 255. Haielezwi ugonjwa ni nini. Hupewa maelfu ya picha zenye majina, ikakisia, ikasahihishwa, ikarekebisha hesabu zake kidogo, ikakisia tena. Mwishowe hushika chochote kinachotenganisha picha hizi na zile: doa la ugonjwa, lakini pengine hata kivuli, au karatasi iliyotandikwa chini ya jani.

Mwaka 2016 watafiti walifundisha mashine ya aina hii kwa picha 54,306 za mkusanyiko wa PlantVillage, zenye mazao 14 yaliyogawanywa katika mafungu 38 ya majani mazima na magonjwa. Ilipopimwa kwa picha za mkusanyiko uleule ambazo haikuwa imeziona, ilipata asilimia 99.35. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ikaporomoka hadi takriban asilimia 31. Hakuna aliyekusudia ubaya. Bambo lilidungwa upande mmoja wa gunia.

Sasa tufanye hesabu ya kubuni, ya mashine inayoulizwa tu kama jani ni zima au lina ugonjwa. Chukua picha 100: 90 za jani moja moja juu ya karatasi, 10 za shambani Mkula, majani yamesongamana, yana vumbi, jua linawaka. Mashine isikosee hata moja katika zile 90, ila ikosee 5 katika hizi 10. Mwenye mashine atatangaza asilimia 95, wala hasemi uongo. Mkulima wa Mkula anapata asilimia 50, sawa na kurusha sarafu. Wastani umemmeza.

Kwenye nyuso za watu mambo yalikuwa hayohayo. Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, alikuta programu ya kutambua nyuso haimwoni mpaka avae kinyago cheupe. Mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walitumia picha 1,270 za wabunge wa nchi sita, Rwanda ikiwamo, kupima programu tatu zinazobainisha jinsia. Hawakuridhika na wastani, walitenga mafungu. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika 34.7. Ndiyo maana ni muhimu kujua nani yumo chumbani mashine inapobuniwa: aliyekosa kuonekana ndiye aliyejua upande gani wa gunia haujadungwa.

Dawa yake ni kudunga kwingine. Turudi shambani: muhogo haukuwamo katika yale mazao 14 ya PlantVillage. Watafiti wakaingia mashamba ya Tanzania, wakapiga picha za mihogo yenye batobato na michirizi ya kahawia, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Nuru, programu ya simu inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti. Hata hivyo, dalili zikiwa bado changa uwezo wake hupungua, kwa hiyo kudunga hakujaisha.

Pamba, zao kuu la Simiyu, nayo haikuwamo. Ukiipa mashine ile ya 2016 jani la mpamba kutoka Mkula, haitasema "silijui", kwa kuwa jibu hilo halimo katika majina 38 iliyofundishwa. Italipa mojawapo: pengine nyanya, pengine mzabibu, pengine mtufaha wenye ukoko.