Jumba la Vitabu Lenye Simba Wawili

Leo tujifunze habari za jumba moja la vitabu. Liko Nairobi, Kenya, karibu na Msikiti wa Jamia. Ukitoka Musoma unapita Tarime, unavuka mpaka Sirari, halafu safari bado ni ndefu. Jina lake ni Maktaba ya McMillan. Maktaba ni nyumba ya kutunzia vitabu na kuvisomea.

Huyo McMillan alikuwa nani? Alikuwa tajiri, mzaliwa wa Marekani, akaja kuwa mlowezi Kenya. Alikufa mwaka 1925, akazikwa kwenye mlima wa Donyo Sabuk. Mke wake ndiye aliyeijenga maktaba hiyo ili mumewe akumbukwe. Ilifunguliwa mwaka 1931. Ni jumba zito kweli kweli: nguzo nene, ngazi, na sanamu za simba wawili mbele. Mwaka 1938 ilitungiwa hata sheria yake yenyewe.

Lakini simba wale hawakumzuia mtu. Uliozuia ni ubaguzi. Maktaba ilikuwa ya Wazungu tu. Kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo, hata kama ni mwalimu. Nchi ni yake, kodi analipa, lakini kitabu hashiki! Mwaka 1962, uhuru ulipokaribia, Halmashauri ya Jiji la Nairobi iliichukua, ikawa ya watu wote. Simba ni wale wale.

Kwetu Tanganyika, sheria ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, tarehe 9 Desemba 1967, Siku ya Uhuru. Mkoa wetu wa Mara nao una maktaba yake, Musoma mjini.

Sasa, wapo wenzetu wa Bunda na Butiama wanaofika Musoma kwa shughuli zao, wakapita nje ya maktaba hiyo bila kuingia. Eti ni ya wanafunzi wenye sare! Sivyo, ndugu. Ingia, umsalimie mtunza vitabu, umwulize utaratibu wa kujiandikisha. Aliyejifunza kusoma ukubwani asipopata cha kusoma, herufi humtoroka.

Zungumzeni kundini:
Nairobi watu walizuiwa mlangoni. Sisi tunazuiwa na nini?
Nani kati yenu atakwenda Musoma wiki hii?