Mwamba Ngoma na Ngozi Yake: Ulinganishi wa Seva za Windows NT na Linux, 1999

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Makala haya yanachunguza ulinganishi mmoja wa kompyuta uliozua mjadala mkali mwaka 1999. Yanalenga kuonyesha kwamba kauli ya aina ya "hiki ni bora kuliko kile" haikamiliki mpaka masharti yake yatajwe. Aidha, yanadai kwamba kauli ya mwenye maslahi haigeuki kuwa uongo kwa sababu ya maslahi hayo pekee.

Ulinganishi wenyewe

Mnamo Aprili 1999, kampuni ya Mindcraft ya Marekani ilichapisha matokeo ya jaribio lililogharimiwa na Microsoft. Mifumo miwili ya uendeshaji, Windows NT Server 4.0 na Red Hat Linux, ilipimwa kwenye seva yenye vichakataji vinne na kadi nne za mtandao, kila kadi ikiwa na uwezo wa megabiti 100 kwa sekunde. Kazi zilizopimwa zilikuwa mbili: kuwahudumia watumiaji wa faili na kutoa kurasa za wavuti. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, NT iliipita Linux mara 2.5 katika kazi ya kwanza na mara 3.7 katika ya pili.

Pingamizi

Wafuasi wa Linux waliyakataa matokeo hayo. Kwanza, mlipaji alikuwa mmoja wa washindani. Pili, walidai kwamba NT ilikuwa imeandaliwa kwa ustadi ilhali Linux haikuandaliwa ipasavyo. Tatu, ni tovuti chache mno wakati huo zilizokuwa na njia ya intaneti ya kuzishughulisha kadi nne kama hizo kwa ukamilifu.

Marudio na sababu

Mnamo Juni 1999 jaribio lilirudiwa katika maabara ya jarida la PC Week, wataalamu wa pande zote mbili wakishiriki. Kasi ya Linux ilipanda, lakini NT iliongoza tena. Ikabainika kwamba katika toleo la 2.2 la kiini cha Linux, sehemu kubwa ya shughuli za mtandao ilipitia kichakataji kimoja kwa wakati mmoja. Vingine vilingoja, mithili ya wakulima wanne wanaopokezana jembe moja. Watayarishaji wa Linux waliishughulikia kasoro hiyo, na toleo la 2.4, lililotolewa Januari 2001, liliviwezesha vichakataji kadhaa kushughulikia mtandao kwa pamoja.

Funzo kwa mhakiki

Kisarufi, neno "kuliko" huhitaji vitu viwili tu. Halimlazimishi msemaji kutaja nani aliyechagua kigezo, wala katika mazingira gani. Mhakiki anayetangaza kwamba riwaya fulani ni bora kuliko nyingine huwa katika hatari iyo hiyo. Huenda amechagua kigezo kinachokifaa kitabu akipendacho.

Hitimisho

Pingamizi dhidi ya Mindcraft zilikuwa na uzito, na kasoro ya Linux nayo ilikuwepo. Laiti wahusika wangeishia kumlaumu mwamba ngoma, jembe lingebaki kuwa moja. Hivyo basi, msomi hana budi kuuliza ngozi imevutwa upande gani, kisha aisikilize ngoma yenyewe.